Nta imenipindia mishumaa Kisumu. Je, ni kweli inaweza kugeuzwa oili ya injini?

mshumaa_wa_naks (Nakuru)

Wadau hamjambo. Nitajieleza kwanza, kwa sababu nikiuliza moja kwa moja mtanicheka.

Natengeneza mishumaa kwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, upande wa Kaptembwo. Huu ni mwaka wa sita. Niko na sufuria mbili kubwa, mashine ya mkono inayotoa mishumaa 72 kwa mpigo mmoja, na vijana wawili. Nta huwa nanunua ile ya vibamba vyeupe, gunia la kilo 50. Mwezi wa nne bei ilipanda nikashindwa. Dalali mmoja akaniletea nta ya aina nyingine, imejazwa kwa mapipa, rangi ya kahawia kama sukari guru. Ukiibonyeza kidole kinazama, na kikitoka kinang'aa mafuta. Bei karibu nusu ya ile nyeupe. Nikachukua mapipa matatu.

Nikamimina. Mishumaa ikatoka na rangi mbaya lakini ilisimama. Baridi ya Nakuru ya usiku mnaijua, wiki nzima ilikaa imenyooka kama askari wa gwaride. Nikapakia maboksi 40 kwa matatu hadi Kibuye, Kisumu, kwa mama mmoja ninayemuuzia. Siku ya tatu akapiga simu, hata salamu hakuna: "Kuja uchukue nyoka zako."

Nilikuta zote zimelala upande mmoja ndani ya boksi, karatasi ya nje imelowa mafuta mpaka maandishi yamefutika, na juu ya kila mshumaa kuna matone madogo kama jasho la puani. Ukiwasha, moshi mweusi. Mama alirudisha zote na nauli ya kuzirudisha Nakuru ikawa yangu.

Nikamrudia dalali. Habari ya pesa hakutaka kuisikia, lakini akaniambia neno ambalo limeninyima usingizi: eti hiyo nta ng'ambo hawaipotezei kwa mishumaa, wanaigeuza oili ya injini ya bei ghali, ile inayoandikwa fuli sintetiki. "Uko na dhahabu nyuma ya nyumba na wewe unaitia utambi."

Basi nikajaribu. Nilitia kama lita kumi kwa pipa, nikafunga kifuniko, nikachomelea bomba, bomba nikalipitisha kwa karai la maji baridi kama watu wa chang'aa wanavyofanya, nikawasha kuni. Nilidhani mvuke utapoa utoke oili. Ukatoka moshi mweupe mzito unaokaba koo, halafu mdomo wa bomba ukashika moto, ukawa unanguruma kama jiko la gesi. Nikafungua kifuniko nione ndani kuna nini (najua, msiseme). Ndani nako kukashika. Kijana mmoja akarusha ndoo ya maji. Kilichofuata sitakieleza chote, ila nyusi zangu ndio zinaanza kuota, na kwa paa kuna doa jeusi la ukubwa wa meza.

Sasa nauliza: dalali alinidanganya? Kama hakunidanganya, nilikosea wapi? Na kama haiwezekani, nifanye nini na mapipa mawili na nusu yaliyobaki?

---

gereji_kondele (Kisumu)

Pole kwa nyusi, boss. Mimi ni mekanika, nta na oili nazijua kama paka na panya. Oili ikiwa na nta ndani, asubuhi ya baridi haipandi kwenye injini. Sasa utoe oili kwenye nta? Hiyo ni kama kuniambia nikamue maziwa kwa jiwe. Dalali amekuchezea.

Na tafadhali, hata ukifaulu usilete Kondele. Juzi nimefungua injini ya probox, mwenyewe alikuwa ananunua oili ya kupimiwa kwa mtungi usio na jina. Chini ya kifuniko cha valvu nilichota kitu kama ugali wa wimbi kwa kijiko. Kijiko, sikutanii.

---

mzee_wa_mumias

Mwanangu wa Nakuru, salamu kutoka Mumias. Kwanza shukuru Mungu kwamba zilizoungua ni nyusi. Pili, na fundi wa Kondele aniwie radhi, dalali wako hakusema uongo. Alikwambia nusu ya ukweli, na nusu aliyoacha ndiyo nusura ikuue.

Mimi nilikuwa opereta Changamwe, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta, nikastaafu miaka michache kabla ya kazi ya kusafisha kusimama Septemba 2013. Oili ya injini hatukuwahi kuitoa pale. Mafuta ghafi yaliingia, yakapashwa, yakagawanywa yakawa gesi, petroli, mafuta ya taa, dizeli na yale mazito ya kuchomea tanuri. Oili mnayoona gereji, mafuta yake ya msingi huja kwa meli, na hapa kwetu huchanganywa na dawa zake na kutiwa kwenye makopo. Lakini mtambo nilioshika miaka mingi ulikuwa unatumia platinamu na hidrojeni kuongeza nguvu ya petroli. Vitu hivyo viwili nimekaa navyo, na ndivyo hasa ulivyokosa nyuma ya nyumba yako.

Nianze na ulichonunua. Mafuta mazito yanayofaa kuwa oili yakitolewa kwenye mnara wa kugawanya mafuta ghafi huwa na nta ndani yake. Ukiiacha, oili itaganda, kama fundi alivyosema. Kwa hiyo wanayachanganya na viyeyusho viwili, toluini na kimoja kinachoitwa methili ethili ketoni, halafu wanayapoza kwa mashine ya barafu mpaka chini ya sifuri. Nta inaganda chenga chenga. Mchanganyiko unapelekwa kwenye pipa kubwa lililolala, linazunguka polepole, limevikwa kitambaa. Ndani ya pipa wanavuta hewa, mafuta yanafyonzwa yanapita kitambaa, nta inabaki juu kama ukoko wa ugali kwenye sufuria, na kuna kisu kinaukwangua. Huo ukoko ndio ulio nao. Jina lake kazini ni slaki waksi. Bado haujakamuliwa, ndiyo maana kidole chako kinatoka na mafuta. Nta nyeupe ya vibamba iliyosafishwa kikamilifu ina mafuta yasiyofika nusu ya asilimia 1. Ya kwako yaweza kuwa na asilimia 10, 20, hata kuzidi.

Na ndiyo maana Nakuru ilikuficha, Kisumu ikakuumbua. Nakuru mko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, Kisumu ni 1,100 na kidogo. Jua la saa nane la Kibuye likipiga boksi chini ya turubai, nta yenye mafuta hulegea mapema na mafuta yake hutafuta njia ya kutoka. Zile nyoka za yule mama ni kipimo cha maabara, umekipata bure.

Sasa fundi anauliza, na haki yake, itakuwaje kitu kinachotolewa kwa sababu kinagandisha oili kiwe tena chanzo cha oili bora?

Fikiria kuni. Kuni zilizonyooka ukizifunga mzigo zinalala pamoja, zinabana, unabeba kichwani. Matawi ya mwiba yenye vichomozo huyafungi, kila tawi linasukuma mwenzake. Nta ni minyororo mirefu ya kaboni iliyonyooka, kaboni 20 hadi 40 hivi kwa mnyororo. Ikipoa inapangana kama kuni, na huko kupangana ndiko kuganda. Lakini urefu huo huo una sifa ambayo watengenezaji wa oili wanaililia: mnato wake haubadiliki sana kati ya baridi na joto. Oili ya kawaida ikipata moto inakuwa maji, ikipoa inakuwa gundi. Ya minyororo mirefu inashikilia hali yake. Kuna kipimo cha hilo, fahirisi ya mnato. Mafuta ya msingi ya kawaida huwa kati ya 80 na 119. Kuanzia 120 yanahesabiwa kundi la tatu, la juu. Yanayotoka kwenye nta hufika 140 na kupita.

Kwa hiyo kazi ni moja: upate urefu bila unyoofu. Uchukue ule mnyororo uutie vichomozo pembeni, uwe tawi la mwiba, lakini usiukate.

Wewe ulifanya nini? Uliupa moto peke yake. Moto hauna adabu, unakata popote. Mnyororo wa 30 ukawa vipande vya 3, vya 8, vya 12. Vya 3 ni gesi, ndiyo iliyonguruma kwenye bomba lako. Vya 8 ni aina ya petroli mbovu. Ungeendelea ungepata maji ya manjano yanayonuka, ungedhani umefaulu, na fundi wa Kondele angekutana nayo kwa kijiko chake.

Wenzetu wanafanya hivi. Nta kwanza inapitishwa kwenye hidrojeni yenye shinikizo ili kutoa salfa na naitrojeni, kwa sababu salfa kidogo tu inaitia platinamu sumu ikalala. Kisha nta safi, ikiwa mvuke na umaji pamoja na hidrojeni, inapita juu ya punje za katalisti, yaani kitu kinachochochea mabadiliko bila chenyewe kuisha, kwenye chombo cha chuma kinene, joto nyuzi 300 na kitu, shinikizo makumi ya mara ya lile la hewa, pengine zaidi ya mia. Katalisti ina sehemu mbili. Platinamu inaunyang'anya mnyororo hidrojeni mbili. Mnyororo uliopungukiwa unahamia pembeni kwenye sehemu yenye asidi, pale unajipanga upya, kaboni moja inahama kutoka kwenye mstari inakuwa kichomozo. Halafu unarudi kwa platinamu unarudishiwa hidrojeni zake, unaondoka umepinda na umeridhika. Ukikawia kwenye asidi unakatika. Ndiyo maana matundu ya hiyo katalisti yanachongwa membamba mno, chini ya nanomita 1, mnyororo uingie, upinde kidogo, utoke.

Baadaye kuna kuondoa vipande vilivyokatika, kutoa nta iliyogoma kupinda na kuirudisha mwanzo, na kupitisha hidrojeni mara ya mwisho ili oili isibadilike rangi ikikaa. Kinachotoka ni cheupe kama maji ya chupa.

Hidrojeni nayo, mwanangu. Ikivuja ikashika moto mchana huoni mwali. Wazee waliotutangulia walitufundisha kutembea na ufagio mrefu mbele, ufagio ukiwaka ghafla hewani unajua umefika. Sasa wewe una pipa na kuni.

La maji ulijifunza kwa nyusi, lakini niliseme kwa wengine wanaosoma. Nta ikiwa moto kupita nyuzi 200, maji yakimwagwa yanazama chini, yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke ni karibu mara 1,700 ya ukubwa wa maji yenyewe. Unairusha juu nta inayowaka. Funika kwa kifuniko au karai, vuta kuni pembeni, ondoka.

Mapipa yako usiyatupe. Nikishapata chai nitarudi, kuna njia ya zamani.

---

mwalimu_wa_kemia (Kakamega)

Shikamoo Mzee. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na kesho nitaiba mfano wa kuni darasani.

Naongeza kimoja tu kwa wanaodhani vichomozo vichache haviwezi kubadili kitu. Kuna nta ya kaboni 30 zilizonyooka, inaitwa triakontani. Huyeyuka kwenye nyuzi 66 hivi, mkononi ni kitu kigumu kabisa. Kuna kitu kingine chenye fomula ile ile, kaboni 30 na hidrojeni 62, sawa sawa, ila mstari wake una 24 na zile 6 zimening'inia pembeni moja moja. Hicho ni skwaleni iliyojazwa hidrojeni, skwaleini. Kinabaki maji maji mpaka nyuzi 38 chini ya sifuri. Dada zangu wanakifahamu bila kujua, ndicho kile kichupa kidogo cha mafuta ya uso kinachouzwa kwa matone. Mpwa wangu anacho. Nilimwonyesha mshumaa na kile kichupa nikamwambia hivi ni ndugu wa fomula moja, hakuniamini mpaka nikamchorea.

Mtu akikuuliza isomeri ni nini, mpe hivyo viwili.

---

gereji_kondele

Sawa, nimeshindwa, Mzee nisamehe kwa ya paka na panya. Lakini mnanichanganya. Sintetiki mimi nilifunzwa kwamba inatengenezwa maabara kutoka mwanzo, si ya kuchimbwa. Kama imetoka kwenye nta ya mafuta ghafi inaitwaje sintetiki? Wateja wangu wanalipa mara mbili kwa hilo neno.

---

mzee_wa_mumias

Fundi, umegusa kidonda cha watu wakubwa. Marekani Mobil na Castrol walikokotana juu ya neno hilo hilo. Mobil walikuwa wanatumia mafuta yaliyojengwa kutoka molekuli ndogo, yale ya kundi la nne. Castrol wakahamia mafuta ya kundi la tatu yaliyopitia hidrojeni, kopo likabaki limeandikwa sintetiki. Mobil wakapeleka malalamiko kwenye baraza la kuamua mambo ya matangazo, na mwaka 1999 baraza likasema Castrol wana haki, kwa sababu molekuli zimebadilishwa vya kutosha. Tangu hapo neno limefunguka. Nchi nyingine, Ujerumani kwa mfano, hazikulegeza hivyo.

Mimi ningekuwa wewe nisingetazama neno lililo mbele ya kopo. Tazama nyuma, namba za mnato na viwango vilivyotajwa, ulinganishe na kitabu cha gari. Oili nyepesi ya 0W-20 kwa mfano, ni vigumu kuitengeneza vizuri kwa mafuta ya kundi la kwanza, yale ya kawaida, yatakuwa mazito mno kwenye baridi au yatapotea kwa mvuke. Hapo ndipo mafuta ya nta na wenzake yanapolipia bei yake.

---

mwalimu_wa_kemia

Na wapo wanaotengeneza nta kwanza kusudi waje kuipinda. Qatar, pale Ras Laffan, kuna kiwanda cha Pearl. Wanachukua gesi asilia, wanaivunja iwe monoksidi ya kaboni na hidrojeni, wanaiunga iwe minyororo mirefu, yaani nta isiyo na salfa hata chembe, kisha wanaipinda iwe mafuta ya msingi. Gesi inakuwa mshumaa, mshumaa unakuwa oili.

---

mshumaa_wa_naks

Mzee shikamoo, na asante. Nimesoma nikiwa nimekaa juu ya lile pipa lenyewe.

Swali la pembeni kabla ya hiyo njia ya zamani. Yale malori ya mafuta ya Turkana yaliyokuwa yanapita hapa Nakuru yakishuka kutoka Kitale, watu walisema yale mafuta ni nta tupu. Kama ni nta, si nchi hii ina oili yake?

---

mzee_wa_mumias

Marahaba. Ni kweli yale ya Lokichar, huko Turkana, yana nta nyingi na salfa kidogo. Ukiyaacha yapoe yanashikana, hayamwagiki. Ndiyo maana yalisafirishwa kwenye matangi yaliyofunikwa yasipoteze joto, yakawekwa Changamwe kwenye matangi ya kupashwa, na shehena ya kwanza ya mapipa kama 240,000 ikaondoka Mombasa Agosti 2019. Ndiyo maana pia bomba lililopangwa kwenda Lamu lilichorwa likiwa la kupashwa moto njia nzima. Kuwa na nta ardhini ni jambo moja, kuwa na mtambo wa kuipinda ni jingine, na mtambo huo hakuna hapa. Tuliache hapo, tutaingia siasa na mimi presha yangu siiamini.

Sasa njia ya zamani. Kabla ya hivyo viyeyusho, viwanda vilikuwa vinaitoa nta mafuta kwa kuitoa jasho. Neno lao lilikuwa hilo hilo, jasho. Nta yenye mafuta ukiipasha polepole sana, bila kufika kuyeyuka, mafuta na nta laini laini hutangulia kutoka kupitia nafasi kati ya chenga. Nta ngumu inabaki. Mishumaa yako ya Kibuye ilikuwa inafanya kazi hiyo, ila ndani ya boksi la mteja.

Kwanza jua kama nta yako inakubali. Yeyusha kikombe kwa sufuria iliyokaa ndani ya maji, acha ipoe taratibu, ivunje. Ukiona vigamba vinavyong'aa, itatoa jasho. Ukiona imekuwa kama udongo wa mfinyanzi, chenga zake ni ndogo mno, mafuta hayatapata njia, usijisumbue.

Ikikubali, tafuta trei pana la bati lenye tundu na kizibo chini. Ndani yake weka wavu wa waya, sentimita chache kutoka chini. Tia maji ya uvuguvugu mpaka yafunike wavu tu, halafu mimina nta iliyoyeyuka juu ya maji. Itaelea. Iache usiku kucha, baridi ya Nakuru itakusaidia. Asubuhi fungua kizibo, maji yatoke, bamba la nta litabaki limelala juu ya wavu na chini yake ni wazi. Hapo ndipo uanze joto, kwenye kisanduku kilichofungwa, bila moto wa wazi. Anza nyuzi 30, panda nyuzi 1 kwa saa au pungufu ya hapo. Themomita lazima, vidole havitoshi. Ukiwa na haraka bamba zima litalegea na kuanguka, uanze upya.

Kipimo ni gazeti. Weka kipande kati ya kurasa, kandamiza kwa jiwe usiku mzima. Doa la mafuta likipungua kila awamu, unaendelea. Usitarajie nyeupe, rangi haitoki yote. Ukitaka weupe kuna udongo wa kuchujia, lakini jifunze hili kwanza.

---

mshumaa_wa_naks (siku 16 baadaye)

Narudi na habari, nilitaka kwanza niwe na uhakika.

Nta ilivunjika na vigamba, nilifurahi kama mtoto. Trei nilichongewa na fundi wa mabati wa mtaani. Kisanduku nilikosa, mpaka jirani anayefuga kuku akaniazima lile boksi lake la kulelea vifaranga, lina balbu mbili nyekundu za joto na themomita ndani. Vifaranga vyake vilikuwa vimeshakua. Mke wangu akasema sasa tunaatamia nta.

Bamba la kwanza lilianguka. Niliwasha balbu zote mbili nikaenda kanisani. La pili nilitumia balbu moja, nikawa naishusha kwa kamba kidogo kidogo. Saa kumi za mwanzo hakuna kitu, nikakata tamaa nikalala. Saa tisa usiku nikasikia tone kwenye sufuria. Niliamka nikawasha tochi ya simu: chini ya wavu kumening'inia matone ya rangi ya chai ya rangi, yanakusanyika, yanakuwa mazito, yanadondoka moja baada ya jingine. Nilikaa pale karibu saa nzima nikitazama tu.

Bamba moja la kilo 18 limenitoa mafuta kama lita 3. Nta iliyobaki ni ya manjano hafifu, ukiigonga na kucha inalia. Gazeti bado linapata doa lakini ni la ukubwa wa shilingi kumi, mwanzo lilikuwa ukurasa mzima. Nimeichanganya nusu kwa nusu na nta nyeupe, nikamimina mishumaa 72 ya majaribio, nikampelekea yule mama wa Kibuye dazeni sita bure azianike juani kwa makusudi. Leo ni siku ya tano. Amesema mbili zimeinama kidogo, nyingine zimesimama, na ameuliza bei.

Kwa mwendo huu mapipa yatachukua miezi, na stima ya balbu nimeipigia hesabu, faida si kubwa. Lakini si hasara ile.

Swali langu la mwisho: haya mafuta ya jasho, nina kama lita 7 sasa kwa mtungi. Gereji_kondele ameniandikia faraghani akiniuliza kama atapata lita mbili.

---

gereji_kondele

Umenianika boss. Si ya injini! Ni ya bawaba za geti na minyororo ya baiskeli.

---

mzee_wa_mumias

Geti, panga na jembe, mpe. Mnyororo wa baiskeli pia, ila asubuhi utakuwa mzito, bado ina nta laini ndani. Wanaomwaga zege nao watayachukua ya kupaka mbao ili zisigande. Ukipata maranda ya mbao, yachanganye na mafuta hayo na ile nta iliyoanguka, ukande madonge ya kuwashia jiko, hapo hutupi kitu.

Mtungi uandike kwa rangi, herufi kubwa, SI OILI YA INJINI, pande zote mbili. Nilikaa na mafundi miaka mingi, najua saa kumi na mbili jioni mteja akiwa anangoja na duka limefungwa, mtungi usio na maandishi huwa unaangaliwa kwa jicho gani.

---

gereji_kondele

Mzee huyu ni kama ameshawahi kuingia gereji yangu.